Chupa Isiyo na Jina

1

"Inawasha?"

"Inatekenya," alijibu Raya, macho kayafumba, midomo kaikaza asije akala dawa. "Kama sisimizi wameamua kufunga harusi yao kabla ya yangu."

"Waache wale wali wao. Zimebaki dakika mbili."

Mwantumu aliinamisha taa ya kusomea ngozi juu ya uso wa bibi harusi na kuitazama chachu ikifanya kazi. Ilikuwa imetandaa kwenye paji, mashavu na kidevu kama mtindi mwepesi, nayo ilianza kugeuka rangi, kutoka nyeupe kwenda waridi. Huo ndio ulikuwa usemi wake. Nyeupe maana yake ninakula. Waridi maana yake nimeshiba, niondoe.

Jua la Tanga la miaka hii halikuwa na mchezo, na Raya ndiye aliyelila zaidi ya wote. Alikuwa fundi wa paa za jua. Miaka sita alishinda juu ya nyumba za watu akifunga vioo, na kila msimu jua lilimwachia alama: madoa kwenye mashavu, ukavu kwenye paji, mstari mweusi pale kofia ilipoishia. Harusi ilikuwa Ijumaa. Leo Jumatatu. Alhamisi, kabla ya hina na mapambo, wanawake wa upande wa bwana harusi wangekuja kumfunua mwali, wamwone na uso mtupu, usio na poda wala wanja. Ndiyo sababu kalazwa hapa, Barabara ya Kumi na Saba, kwenye chumba chenye harufu ya juisi ya miwa.

"Enzi zetu ilikuwa singo ya kusugua," alisema Bi Saumu, somo wake Raya, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango akijipepea. "Liwa, karafuu, waridi, na mkono wenye nguvu. Mwali akitoka pale anang'aa na analia."

"Huyu atang'aa bila kulia, somo. Hasara iko wapi?"

"Hasara ni kwamba hatutajua kama ana uvumilivu."

"Somo, nimevumilia paa la soko mwezi wa pili," alisema Raya kwa midomo iliyobana. "Nimemvumilia Hashili miaka mitatu anatafuta maneno ya kuniposa. Uvumilivu umejaa ghala."

Bi Saumu alicheka mpaka upepeo ukamponyoka.

Mwantumu alichukua kipande cha pamba, akakichovya kwenye maji ya magadi, akaanza kuifuta chachu polepole kutoka katikati kwenda pembeni. Kazi hii aliipenda kuliko kazi zote duniani. Alikasirika mtu akimwambia anachubua watu. Wachubuaji walikuwa wale wa zamani na krimu zao za zebaki. Yeye aliambua. Chachu yake ilikunywa juisi ya miwa ikatoa asidi laini, asidi hiyo ikalegeza gundi inayoshikilia ngozi iliyokufa, na ikifika kwenye ngozi hai ikasimama, kwa sababu kilicho hai haikukipenda ladha. Ngozi ya juu tu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Siku mbili za wekundu, basi.

Paji lilitoka safi. Pua safi. Shavu la kulia lilitoka kama embe lililooshwa. Mwantumu alitabasamu, akahamia kushoto.

Pale chini ya sikio, kwenye mstari wa taya, palikuwa na baka.

Alilifuta. Halikufutika. Halikuwa chachu, ilikuwa ngozi. Ngozi ya zamani ya Raya iliyoachwa bila kuliwa, nyeusi katikati ya ule wangavu mpya, kwa mipaka iliyo wazi kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Umbo lake lilikuwa la korosho. Na kando ya korosho, vidoa vitatu vimejipanga kama mafiga.

Mwantumu alilitambua. Baka hilo alikuwa amelipaka dawa kila mwezi kwa miaka saba. Lakini si kwenye uso huu.

"Kuna nini hapo?" aliuliza Raya.

"Nakuja. Usiguse uso."

Akaenda kwenye friji, akaifungua, akasimama mbele ya baridi.

Kila mteja alikuwa na chupa yake. Chachu ikishakula uso mmoja mara mbili tatu, inaushika. Inakumbuka wapi ngozi ni nyembamba, wapi kuna kovu, wapi pa kupita taratibu, wapi pa kuacha kabisa. Ndiyo maana kwenye kila chupa kulikuwa na jina kwa wino usiofutika: Tabu, Mwanahija, Mama Kombo, Salha wa Pili. Mteja mpya anapewa kutoka chupa mama, ambayo haijawahi kugusa uso wowote na kwa hiyo haina la kukumbuka. Chupa mama haikuwa na jina, maana haikuwa ya mtu.

Shida ni kwamba kulikuwa na chupa nyingine isiyo na jina.

"Hata herufi moja," mwenye chupa hiyo alimwambia tangu siku ya kwanza. "Hata nukta. Watu wana macho." Na Mwantumu, kwa kumsitiri, alikubali. Miaka saba chupa mama ilikaa rafu ya juu na chupa ile ikakaa rafu ya chini, nyuma ya ndimu. Jana, Jumapili, aliosha friji. Aliosha, akapangusa, akapanga upya huku akiimba.

Chupa ya rafu ya juu, ndiyo aliyomchotea Raya, ilikuwa imepungua nusu. Akaifungua, akainusa. Ilikuwa kali, iliyokomaa, yenye harufu ya uso mmoja uliorudiwa mara themanini na zaidi. Chachu ile ilikuta taya la kushoto, ikakumbuka kwamba hapo pana baka la kuzaliwa ambalo huwa hailili, ikapaacha, ikaendelea na safari yake. Ilifanya adabu iliyofundishwa. Asiye na adabu alikuwa aliyeipanga rafu.

Aligeuka, akamkuta Raya kasimama mbele ya kioo.

"Dada Mwantumu," alisema Raya polepole, "mimi sikuwa na kitu hapa."

"Hukuwa nacho."

"Nilikuja na madoa, sikatai. Lakini yalikuwa yangu, nayajua kwa majina. Hili ni la nani?"

Bi Saumu alinyanyuka kigodani, akavaa miwani, akasogea, akavua miwani. "Yallah," alisema.

"Ni kosa langu," alisema Mwantumu. "Nimekupaka chachu iliyoshika uso wa mtu mwingine. Haina ugonjwa, haina sumu. Ni ngozi yako mwenyewe, imebaki tu haijaambuliwa. Baada ya wiki mbili nitakupaka ya chupa mama na litaondoka lote."

"Wiki mbili! Alhamisi nafunuliwa!"

"Najua."

"Ifute sasa hivi. Una ile asidi ya kizamani, ya kwenye chupa ya kahawia. Naiona pale juu."

Mwantumu aliitazama chupa ya kahawia. Dakika kumi tu. Ingeng'oa baka lile na vidoa vyake vitatu, na kosa lake lingeondoka pamoja navyo. Lakini pembezoni mwa baka ngozi ilikuwa mbichi. Asidi ile ingevuka mpaka, ingeingia ndani, na Raya angetoka na kovu la maisha badala ya doa la wiki mbili.

"Siwezi. Itakuunguza."

"Basi niambie la nani."

"Hilo nalo siwezi."

Raya alikunja mikono kifuani. Sauti yake ilishuka, na fundi akishusha sauti ujue anapima. "Sikiliza, dada. Nimebeba alama ya mtu usoni. Mama mkwe wangu ataniuliza mbele ya ukoo mzima, Raya, hili nini? Nitasema nini? Nimeazima? Nina haki ya kujua nimeazima kwa nani. Usiponiambia kufikia Alhamisi, ninapeleka malalamiko Baraza la Ngozi. Watakuja na mashine yao, watasoma kila chupa humu ndani, na majina yote yatabandikwa ukutani pale kama matokeo ya mtihani."

Angeweza kufanya hivyo. Sheria ilimruhusu, tena sheria nzuri, Mwantumu mwenyewe aliishangilia ilipopitishwa. Aliwafikiria Tabu na Mwanahija na Mama Kombo, kila mmoja na sababu yake ya kupitia mlango wa nyuma.

"Una haki," alisema. "Nipe mpaka Alhamisi."

2

Jumanne, Bi Kuruthumu alikuwa uwanjani kwake anahutubia.

Wanawake kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai la kivuli, na yeye kasimama mbele yao, mrefu, ushungi umembana vizuri mpaka chini ya kidevu, uso umetulia kama maji ya mtungini. Miaka mingi aliongoza umoja wa akina mama wa mtaa, na hotuba yake ilikuwa ileile, watu waliijua kwa moyo.

"Mnaniuliza, Bi Kuruthumu, uso huo umeupata wapi? Nawajibu: maji ya kisima na sabuni ya mche! Sijapaka, sijaambua, sijaonja chachu ya mtu. Mkiuacha uso wenu kwa Mola, Mola atautunza!"

Makofi. Mwantumu, aliyesimama nyuma kabisa, alipiga makofi naye. Ingeonekana vibaya asipopiga.

Wageni walipotawanyika, Bi Kuruthumu alimvuta ndani, akafunga mlango, akafunga dirisha, akalifunga na pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe una wazimu? Kuja kwangu mchana kweupe?"

"Kuna tatizo, mama. Chachu yako imemgusa mtu. Nimekosea chupa. Baka lako limebaki kwenye uso wake, korosho na mafiga yake yote."

Mkono wa Bi Kuruthumu ulipanda wenyewe mpaka kwenye taya, juu ya ushungi. Duniani watu wanne tu walilijua baka lile, na mmoja wao alikuwa marehemu mumewe.

"Nani?"

"Siwezi kumtaja, mama."

"Mimi nakuuliza!"

"Na yeye ananiuliza. Nimekuja kuomba ruhusa nimwambie ni lako. Ana haki ya kujua. Amesema nisipomwambia atakwenda Baraza."

"Haiwezekani." Bi Kuruthumu aliketi, akasimama tena. "Umewasikia wale nje? Kuna mabinti wameacha kujiunguza na madawa ya ajabu kwa ajili ya maneno yangu. Wakisikia leo kwamba Bi Kuruthumu mwenyewe, kila mwezi, mlango wa nyuma... Hapana. Kwani huna dawa kali? Mchome."

"Ataungua, mama."

"Ataungua kidogo. Uso unapona."

"Hautapona. Utabaki na kovu."

"Si uso wangu!" alisema Bi Kuruthumu, akasikia alichokisema, akatazama sakafu. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo mikeka ya nje haikuwahi kuisikia: "Ni binti wa watu?"

"Ni binti wa watu."

"Mdogo?"

"Mama, usinivute. Siri yako nimeifunga miaka saba kwa nguvu hizihizi ninazokunyimia jina lake leo."

Hasira na heshima vilipigana usoni pa Bi Kuruthumu, na kwa uso uliotunzwa vizuri namna ile kila kitu kilionekana.

"Nenda," alisema mwishowe. "Ruhusa sitoi. Na Alhamisi usinitafute, ninakwenda kumfunua mke wa mwanangu."

"Najua, mama," alisema Mwantumu, na kwa kweli ulikuwa mzigo mkubwa kuyasema maneno mawili yale bila kuongeza la tatu.

Gari lisilo na dereva lilimrudisha nyumbani kwa mwendo wa adabu, na njia nzima alibishana na nafsi yake. Kwa Raya kulikuwa na haki ya kujua. Kwa Bi Kuruthumu kulikuwa na ahadi. Akimwambia mmoja, mwingine kavuliwa nguo mbele za watu. Asipomwambia yeyote, Baraza linawavua wote. Kila alipopima alirudi kwenye jambo lilelile: aliyekosea chupa alikuwa mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu ndiye pekee aliyekuwa hajatolewa mbele.

Alipofika aliketi mezani, akaandika barua kwa Baraza la Ngozi kwa mkono wake. Aliandika kwamba aliweka chupa bila jina, kinyume na kanuni. Kwamba chupa hiyo ilimgusa mteja asiyehusika. Kwamba chachu hiyo ameichemsha leo mpaka ikafa, na hapo kalamu ilisita kidogo, maana miaka saba si mchezo. Kwamba yuko tayari kufungiwa. Majina ya wateja hakuyaandika. Aliomba aulizwe yeye, zisiulizwe chupa.

3

Alhamisi, baada ya alasiri, nyumba ya akina Raya ilijaa udi na vicheko. Mwantumu alikuja mapema kumpaka mwali mafuta ya mwisho. Wekundu ulikuwa umeisha; uso wa Raya uling'aa kama sahani mpya. Baka nalo lilikaa pale, limetulia, limepiga kambi.

"Leo Alhamisi," alisema Raya.

"Nimeuliza ruhusa, nimenyimwa. Sitamtaja. Nimeandika mwenyewe kwa Baraza, barua imeondoka jana asubuhi." Mwantumu alifunga kichupa cha mafuta. "Wakikuuliza leo, sema Mwantumu wa Barabara ya Kumi na Saba kakuharibia. Sema kwa sauti. Nitakuwa nimesimama hapohapo."

Raya alifungua mdomo, lakini vigelegele vilikuwa vimeshafika mlangoni. Bi Saumu alimtupia mtandio kichwani, akamkalisha kitandani, akampiga kofi la mgongo anyooke.

Wanawake waliingia wakiimba, na mbele yao Bi Kuruthumu katika gauni la zari, mkononi sahani ya asumini. Alimwona Mwantumu pembeni ya kitanda, akakunja uso nusu nukta, akaukunjua. Akaweka sahani. Akashika pembe mbili za mtandio.

"Bismillahi. Tumwone mke wetu."

Akafunua.

Bi Kuruthumu alitazama taya la kushoto la Raya kama mtu aliyekutana na kivuli chake kimekaa kwenye kiti. Kisha macho yake yakamwendea Mwantumu, na Mwantumu akayatazama bila kuinamisha.

"Hilo nini usoni mwa mwali?" aliuliza mmoja wa mashangazi, akisogeza shingo. "Jamani, ana ugonjwa?"

"Ni mimi," alianza Mwantumu. "Ni kosa langu, nili..."

Lakini Bi Kuruthumu alishainua mkono. Taratibu, akalegeza pini ya ushungi, akaushusha mpaka shingoni, akageuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

Korosho. Na mafiga matatu.

Chumba kizima kilivuta pumzi kwa pamoja. Wa kwanza kuirudisha alikuwa Bi Saumu, aliyejua fika kwamba mwali hakuwa na baka wiki iliyopita lakini pia aliyeipenda sherehe kuliko ushahidi.

"Muujiza!" alipiga ukelele. "Mola kamtia muhuri! Kamwandika mkwe wa Kuruthumu tangu tumboni!"

Vigelegele vikapasuka. Shangazi aliyeuliza ugonjwa sasa alikuwa analia machozi ya baraka. Mwantumu aliona mlango umefunguka mbele ya Bi Kuruthumu, mpana, wenye zulia, ambao hakuhitaji hata kusema uongo ili apite. Anyamaze tu. Muujiza ungezunguka Tanga yote kabla ya magharibi, na maji ya kisima na sabuni ya mche vingekuwa na nguvu maradufu.

Raya hakupiga kelele. Alimtazama mama mkwe wake usoni, kwa ukaribu wa watu wawili wanaofanana mahali pamoja.

"Mama," alisema, "wewe niambie. Maana mimi ndiye nitakayeishi nawe."

Bi Kuruthumu alimtazama. Labda alikumbuka alichokisema nyuma ya pazia, mchome, si uso wangu. Alikaa kitandani pembeni yake, springi za godoro zikalia.

"Nyamazeni," alisema. Hakuna aliyenyamaza. "Nimesema nyamazeni! Muujiza gani? Mola ana kazi nyingi. Hii chachu. Chachu yangu. Mwaka wa saba huu napaka, kila mwezi, na nilikuwa napitia mlango wa nyuma nimejifunika kama mwizi wa kuku. Huyu Mwantumu kachanganya chupa kwa sababu mimi nilimkataza kuandika jina langu. Juzi alikuja kuniomba, nikakataa." Akamgeukia Raya. "Nilimwambia akuunguze. Sikujua ni wewe. Lakini ningemwambia hivyo hata kama si wewe, na hilo ndilo linaloniuma."

Shangazi alifuta machozi yake ya baraka kwa aibu, kama mtu aliyelia kwenye msiba usio wake.

"Na sabuni ya mche?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Naogea!" alifoka Bi Kuruthumu. "Sabuni ni ya kuogea!"

Kicheko kilianzia kwa Raya. Alijaribu kukizuia, mwali hacheki siku ya kufunuliwa, lakini kilimtoka puani, kikamshika mabega, na Bi Saumu aliyetakiwa kumkemea akawa tayari kainama anashika ukuta. Kikapita chumbani chote. Mwisho Bi Kuruthumu mwenyewe alikuwa ameegemea bega la mkwewe, anatikisika.

Walipopata pumzi, Raya alimnyooshea Mwantumu kidole.

"Wewe. Uliniacha ukijua ni la nani, ukaenda kwake, na kule pia hukusema ni mimi?"

"Sikusema."

"Baraza litakufungia."

"Miezi miwili, mitatu. Ni haki yao."

"Na malalamiko yangu nitayapeleka vilevile," alisema Raya. "Usidhani kicheko kimefuta kosa. Lakini nitaandika kwamba mdomo wako ni mzima, chupa ndizo mbovu."

"Shahidi mimi," alisema Bi Kuruthumu. "Niandike jina kamili, na la baba yangu. Kwa wino mzito." Akamshika Raya kidevu, akaugeuza uso wake kushoto na kulia kwenye mwanga, kama anayekagua kitambaa dukani. "Hebu tuone. Hata hivyo, hapa limekaa vizuri kuliko kwangu."

Raya akapasuka tena, na nyuma yake chumba kizima.

"Msimchekeshe jamani, ngozi bado changa!" Mwantumu alipaza sauti, akiruka miguu ya watu na kichupa cha mafuta mkononi. "Itapasuka! Raya, tuliza midomo! Mama, mwachie kidevu!"

Hakuna aliyemsikiliza.